Mstari Mmoja katika Wasifu wa Mdogo Wangu

Jumatatu, tarehe tatu Machi, saa mbili kasorobo asubuhi, nilimpoteza mdogo wangu wa kike. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Pikipiki iliyokuwa ikimpeleka kazini Kitisuru iligongwa na gari ambalo halikusimama, naye hakufika hospitali akiwa hai. Polisi alinikabidhi mkoba wake. Ndani mlikuwa na simu iliyopasuka kioo, mkate wa kunywea chai, na koti jeupe lililokunjwa vizuri, nililolishona mimi mwenyewe.

Polisi akalitazama lile koti, akaniuliza kwa upole, "Marehemu alikuwa daktari?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa sina nguvu za kueleza. Lakini nimeamua kuandika kila kitu kama kilivyokuwa, kwa hiyo nianze hapo: huo ulikuwa uongo, na haukuwa wa mwisho.

Mimi ni fundi wa nguo. Shule niliiacha baada ya darasa la nane, nikajifunza cherehani kwa mama mmoja kule kwetu Ukambani, kisha nikaja Nairobi. Chumba changu cha kazi kiko katikati ya mji, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Nashona sare za shule, na nashona makoti meupe ya wauza nyama. Bucha nyingi za upande wa Kawangware na Muthangari, ukimwona mtu nyuma ya kioo na kisu mkononi, koti alilovaa nimelikata mimi.

Kitambaa nanunua hapo chini. Karani wa duka hilo ni mtu wa Pwani, mtu wa kofia na kanzu, mpole. Mchana anapima vitambaa, jioni anafundisha watoto Kurani katika chumba kilicho nyuma ya msikiti. Mtaa mzima tunamwita maalim. Nimenunua kwake miaka tisa. Ukimwomba mita tatu, anapima tatu, halafu anasogeza kitambaa vidole vinne mbele kabla ya kutia mkasi. "Hivyo ni vya baraka," husema, na hajawahi kunikatia mshazari hata siku moja.

Mdogo wangu ndiye aliyesoma. Alipopita kidato cha nne, ukoo uliitana. Mjomba aliuza dume la ng'ombe, kanisa likafanya mchango, nami nikashona usiku na mchana. Akaenda chuo kusomea kazi ya maabara ya hospitali, kupima damu na mkojo na makohozi, akamaliza vizuri. Siku ya kupewa cheti tulikodi basi kutoka nyumbani, akina mama wakapiga vigelegele hadi sauti zikawakauka.

Halafu kazi ikakosekana. Alifanya mazoezi bila malipo katika kliniki moja, mwaka na nusu. Alipeleka barua kila mahali. Alisimama kwenye foleni za usaili pamoja na mamia ya wenzake, wote na bahasha za kaki. Wakati mwingine walikuwa wakijuana, wakiulizana habari za foleni iliyopita. Mwaka wa tano aliacha kupeleka barua. Rafiki yake akamtafutia kazi Kitisuru, mtaa wa matajiri, ya kumtunza mzee aliyepooza upande mmoja. Alimwosha, alimgeuza kitandani, alimpima presha, alimlisha uji kwa kijiko, alimbadilisha nepi. Alivaa koti jeupe kwa sababu mke wa mzee alitaka hivyo, wageni wakija waone kuna mtu wa hospitali nyumbani. Cheti chake kilikaa chini ya godoro letu, ndani ya bahasha ileile ya kaki.

Nyumbani hatukusema. Mama alipopiga simu kuuliza, mdogo wangu alijibu, "Niko kazini Kitisuru, mama, kwa mgonjwa." Ilikuwa kweli. Mama alitia hospitali yake mwenyewe kichwani, nasi tukamwacha nayo.

Darasa la Jumamosi lilianza kwa bahati. Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko, naye alikuja kunisaidia kutia vifungo. Binti wa maalim alikuja kupimwa sketi ya shule. Alikuwa kidato cha tatu. Nikamchoma na pini kiunoni kwa bahati mbaya, tone la damu likatoka, akaanza kucheka badala ya kulia. Akauliza, "Anti, kwa nini hii damu inaganda haraka hivi na maji haigandi?"

Mdogo wangu akaweka chini sindano. Alizungumza nusu saa nzima. Sikuwa nimeuona uso wake vile tangu siku ya lile basi. Jumamosi iliyofuata binti akaja na mwenzake, Mluhya anayekaa Kawangware. Mwezi ukiisha walikuwa sita, wa shule tatu tofauti: Wakamba wawili, Msomali mmoja, Mgikuyu, yule Mluhya, na binti wa maalim. Walikaa juu ya marobota ya vitambaa, daftari magotini.

Nikawashonea makoti sita. Kitambaa kilikuwa kilekile cha wauza nyama, na mshono uleule. Niliwaachia upindo mrefu, kiganja kizima, kama tunavyofanya kwenye sare, ili mtoto akirefuka uufumue na nguo imfuate. Mdogo wangu alicheka. "Umewashonea makoti ya miaka kumi."

"Si wanataka udaktari? Ni miaka mingi," nikamjibu.

Nakumbuka Jumamosi ya moyo. Muuza nyama mmoja, mteja wangu, alitupatia moyo mzima wa ng'ombe, akaupasua katikati kama mdogo wangu alivyomwelekeza. Tukautandaza juu ya karatasi, kwenye meza ya kukatia. Watoto wakazunguka.

"Huyu ng'ombe alikuwa na presha," akasema Mluhya. "Ona vile imenona."

"Wewe ndio utapata presha ukikula mafuta hivyo," akajibiwa.

"Anti, mimi siwezi shika. Nitatapika kwa koti."

"Tapika kwa dirisha. Koti ni ya fundi."

Binti wa maalim ndiye aliyeingiza kidole katika tundu la moyo, kikatokea upande wa pili. Halafu akauliza damu inajuaje isirudi nyuma. Mdogo wangu akamwonyesha vile vijikunjo vyembamba vinavyofunga kama mlango. Nilisogea kutazama na mimi, futi ikiwa imening'inia shingoni. Nilikuwa na miaka arobaini na sikuwa najua kwamba moyo una milango.

Jioni ile, tukifagia, nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. "Mbona unawavuta watoto wa watu waende njia ambayo wewe umeifuata ikakutupa?"

Akaendelea kufagia. Akasema, "Mimi siwaambii kuna kazi. Nawaambia kuna damu, na lazima mtu aisome."

"Na wakimaliza wakikosa?"

"Basi watakosa wakiwa wengi. Tukiwa wachache wanatupita tu kama hawatuoni."

"Wanajua unafanya nini Kitisuru?"

Hapo alisimama. "Wakiniuliza nitawaambia. Hawajaniuliza."

Hawakuuliza kwa sababu walikuwa wameona koti. Nasi tulijua.

Maalim alimruhusu binti yake kwa sababu darasa lilikuwa juu ya duka anakofanyia kazi. Alisema anasikia vicheko vikishuka ngazi, na mtoto akicheka hivyo hayuko mahali pabaya. Mkewe ndiye alikuwa na wasiwasi. Kwao kulikuwa na mpango mwingine wa binti: ami yake ana duka la vitambaa Mombasa, anatafuta mtu wa kumwamini kwenye kaunta. Binti hakuutaka. Alitaka maabara. Matokeo yalipotoka Januari alikuwa amepata alama za kutosha kuingia chuo cha serikali cha kazi za hospitali. Alipanda ngazi mbio na simu mkononi, akamkumbatia mdogo wangu, wakazunguka hadi wakaangusha kikapu changu cha vifungo. Tuliviokota wiki nzima.

Kilichobaki kilikuwa kuomba nafasi. Maombi hufanywa kwa mtandao, pale saiba, duka la kompyuta ng'ambo ya barabara, na dirisha la maombi lingefungwa Ijumaa ya mwisho ya Machi. Maalim alikuwa hajakataa. Alisema tu, "Nipe muda niangalie."

Ndipo tarehe tatu ikafika.

Kwetu mtu hazikwi bila wasifu. Huchapishwa kijitabu chenye picha ya marehemu amevaa joho la chuo, na maisha yake yote kwa mistari: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, ameacha nani. Husomwa mbele ya watu, na kila mtu huondoka nacho. Kamati ya mazishi ilikutana chumbani kwangu, juu ya yale marobota. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu kwa kuwa ndimi niliyemjua zaidi. Nikaandika shule ya msingi, shule ya upili, chuo. Nikafika kwenye kazi.

"Alikuwa hospitali gani?" akauliza mjomba, yule wa dume la ng'ombe. "Andika jina la hospitali."

Nikasema ilikuwa ya watu binafsi.

"Andika basi."

Watu wote waliokuwa mle ndani walikuwa wamechanga kwa ajili ya elimu yake. Mama alikuwa ameketi sakafuni, kanga kichwani, ananitazama. Ningeweza kuandika: alimtunza mzee mgonjwa. Ni maneno matatu. Niliogopa uso wa mjomba, niliogopa uso wa mama. Nikaandika: "Alihudumu kama mtaalamu wa maabara katika hospitali ya kibinafsi, Kitisuru, hadi kifo chake." Mstari ule niliuandika mimi, kwa mkono huu. Hakuna aliyenishika.

Ibada ya kumuaga ilifanyika katika ukumbi wa kanisa karibu na Adams Arcade, siku moja kabla ya kumsafirisha. Watoto sita walikuja. Walikuwa wamevaa makoti yao meupe, jambo ambalo sikuwa nimeambiwa. Binti wa maalim alisimama nyuma kabisa na mama yake, koti juu ya buibui. Wasifu uliposomwa na ule mstari ukafika, nilitazama viatu vyangu. Walipotoka nilimwona binti akichukua vijitabu viwili. Kimoja, aliniambia, ni cha baba.

Tulimzika Jumamosi, tarehe kumi na tano. Nilirudi kazini Jumatatu kwa sababu sare hazingoji.

Wiki hiyohiyo, siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, maalim alipanda ngazi zangu kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Ilikuwa Ramadhani. Midomo yake ilikuwa imekauka na vumbi jekundu lilikuwa limepanda upindo wa kanzu yake. Nilimpa kiti. Akakaa, akatoa kile kijitabu mfukoni, akakiweka juu ya cherehani.

"Pole tena kwa msiba, dada."

"Ahsante, maalim."

"Nimetoka Kitisuru."

Mguu wangu ukaganda kwenye kanyagio.

"Nalitaka kuona," akasema. "Mwanangu ataka kazi ile. Nikasema niende pale alipokuwa mwalimu wake, niwaone wanawake wa kazi ile wanavaaje, wanakaaje na watu, kama mtoto wa kike mwenye stara yake ana nafasi. Sikuwa na nia nyingine."

Alisema alishuka barabarani akatembea. Kule ni mageti na ua tu, miti mirefu, nyumba hazionekani. Akauliza kwenye geti la kwanza, akauliza la pili. Askari mmoja alidhani ni mwombaji, akataka kumpa shilingi kupitia tundu. Mwingine alimcheka: "Mzee, hapa hakuna hospitali kama hiyo yako. Hawa wakiugua wanaenda Ulaya." Aliuliza tangu saa nne hadi adhuhuri, akifunga, juani. Geti la mwisho askari aliitazama picha kwenye kijitabu, akasema, "Huyu si ni yule nesi wa mzee wa hapo juu? Msichana wa kumwosha. Tumesikia alikufa. Pole."

Chini, mtu alikuwa akiita bei ya vitenge.

"Ni kweli?" akauliza maalim.

"Ni kweli."

"Na haya ameandika nani?"

"Mimi."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema, "Dada, kumwosha mgonjwa asiyejiweza ni kazi kubwa mbele ya Mungu. Ungeandika hivyo, ningempeleka mwanangu saiba siku hiyohiyo, na fatiha juu. Mtu aliyesoma kiasi kile akakubali kumwosha mzee! Ningemwambia binti, mfuate huyo. Sasa mmeificha kama najisi. Nami najiuliza, ikiwa wenyewe mnaionea haya, mimi nampeleka mtoto wangu wapi?"

Nilimwambia kazi hazipatikani, wapo wengi wa namna yake. Nilimwambia hata foleni za bahasha za kaki. Niliyamaliza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ahsante kwa kuniambia," akasema akiinuka. "Lakini mwambie na binti. Mimi siwezi kumvunjia mtoto mwalimu wake. Wewe ndiye uliyeandika."

Binti alikuja siku iliyofuata, asubuhi. Ilikuwa imebaki juma moja dirisha lifungwe. Alikuja na koti ndani ya mfuko, maana alitaka nimpunguzie mikono. Nilimwambia weka chini kwanza. Nikamwambia.

Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Kwani alikuwa anafanya nini huko?"

"Alikuwa anamwosha mzee. Anamlisha."

"Na cheti chake?"

"Kiko chini ya godoro."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Akatazama ile meza ya kukatia, pale moyo ulipokaa. "Anti, si angetuambia tu. Sisi tungemcheka siku moja, halafu iishe. Hatungeacha kuja."

"Najua."

"Hapana, hujui. Nimebishana na mama mwaka mzima nikitumia yeye. Kila siku. Nikimwambia, ona mwalimu, yeye ni mwanamke, ametoka familia ya kawaida, na ako kwa hospitali. Mama alikuwa ameanza kunyamaza." Akapitisha kiganja juu ya meza. "Sasa nitasema nini? Niambie wewe, nitasema nini nikifika nyumbani?"

Nilimwambia aseme kwamba alama ni zake, hazikutoka Kitisuru. Nilimwambia damu bado iko na lazima mtu aisome. Maneno hayo yalikuwa ya mdogo wangu, na kinywani mwangu yalisikika kama ya kuazima. Binti alichukua mfuko wake na koti lake. Sikumpunguzia mikono.

Ile wiki niliihesabu siku kwa siku. Jumatatu nilisikia kwenye ngazi sauti ya mama yake akiongea na maalim, sikusikia maneno. Jumatano nilimwona yule Mluhya akipita, akanipungia, hakupanda. Ijumaa nilikaa dirishani tangu asubuhi, nikitazama mlango wa saiba ng'ambo ya barabara. Waliingia vijana wengi na bahasha zao. Saiba ilifungwa saa moja jioni. Binti hakuwa ameingia, na hakuna saiba nyingine wanayoitumia.

Mtu anaweza kusema anaweza kuomba mwaka ujao. Nimejiambia hivyo pia. Lakini nimeishi na mtu aliyengoja mwaka ujao mara tano, na najua mwaka ujao unavyomfanya mtu. Na najua ni mstari gani ulioufunga mlango huu. Kazi kukosekana si kosa langu. Pikipiki si kosa langu. Ule mstari ni wangu.

Cheti nilikitoa chini ya godoro nikakitundika ukutani, juu ya cherehani. Wateja huuliza ni cha nani. Nawaambia ni cha mdogo wangu, mtu wa maabara, aliyekuwa akimwosha mzee Kitisuru. Wengine husema pole, wengine hurudi kwenye habari ya suruali zao. Mjomba alikuja akakisikia hicho kisa kwa mteja, hajanipigia simu tangu hapo.

Kwa muda nilinunua kitambaa duka lingine. Kilikatwa mshazari. Baada ya sikukuu ya Idi nilishuka kwa maalim, kwa kuwa nilikuwa na oda ya makoti mawili ya bucha. Maalim hakuwepo. Kwenye kaunta alikuwepo binti. Alikuwa amevaa lile koti langu, kuzuia vumbi la vitambaa, na upindo ulikuwa umefumuliwa wote, mpaka mwisho. Mfukoni, pale nilipoacha nafasi ya kalamu, palikuwa na chaki na mkasi.

"Anti, karibu. Nyeupe?"

"Nyeupe."

"Mita ngapi?"

"Sita."

Akavuta robota, akapima mara sita juu ya kaunta akihesabu kimoyomoyo. Kisha akasogeza vidole vinne mbele, akakata.